Ciril Podlogar na Karatasi 12,418 za Fomu Namba Saba

Tarehe 30 Aprili 2026, saa nane mchana, Bwana Ciril Podlogar atafunga kabati la bisibisi katika duka letu la kukodisha skii hapa Črni Laz na kustaafu, baada ya utumishi wa miaka arobaini, miezi mitano na siku kumi na tisa. Aliajiriwa tarehe 11 Novemba 1985, siku ya Mtakatifu Martin, siku ambayo nchi nzima huonja mvinyo mpya na hakuna mwenye akili timamu anayeanza kazi. Wenzake watatu walioajiriwa pamoja naye waliripoti tarehe 12. Mpaka wanastaafu, Ciril aliwaita "wale wa kesho".

Mkurugenzi ameniomba niandike wasifu huu kwa sababu mimi ndiye niliyemvumilia kwa muda mrefu kuliko wote waliobaki: majira ishirini na saba ya baridi. Ameniomba pia niwe mchangamfu. Nitajitahidi.

Kuanzia tarehe mosi Mei, kile kiti kifupi cha mbao kilicho mbele ya rafu za skii za watoto ni changu. Januari ijayo darasa zima la shule ya bondeni litapanda tena huku kwa juma lao la theluji, na atakayepiga goti mbele ya kila mtoto na kuamua ateleze na nini ni mimi. Mtoto akivalishwa skii zisizomfaa anaweza kuvunjika mguu. Au atavunjika moyo, na huo hauna plasta. Kwa hiyo wasifu huu, pamoja na kuwa wa heshima, ni orodha ya makabidhiano ya mtu ambaye kwa miaka arobaini hakumkabidhi mtu yeyote kitu chochote.

Tuanze na mafanikio yake.

La kwanza ni foleni. Ciril humpima mtoto mmoja kwa dakika kumi na moja. Sisi wengine hutumia dakika nne. Jumamosi ya kwanza ya likizo ya mwaka jana walikuja watoto 130, na duka huwa wazi kwa muda wa saa kumi. Ciril akahudumia 54. Wenzake watatu tukagawana 76 waliobaki, tukamaliza mapema, tukanywa chai na kuitazama foleni yake ikiingia theluji mabegani. Wazazi walilalamika kwangu, kama kawaida, kwa kuwa yeye alikuwa amepiga goti na hasikii.

Halafu saa tano ikafika. Kati ya watoto wetu 76, 29 walirudi kubadilisha skii, wengine wakilia, mmoja akiwa amebebwa. Kila mmoja alitugharimu dakika kumi na nne. Kati ya watoto wa Ciril alirudi mmoja, naye alikuwa amesahau glavu. Nikikusanya dakika zote na kuzigawa, dakika zetu nne zinakuwa tisa na ushee. Hesabu hiyo nimeirudia mara tatu nikitumaini nimekosea.

Mafanikio ya pili ni kukosana na mababu. Wakati Ciril anaanza kazi, sheria ilikuwa moja na kila mtu aliijua: mtoto ainue mkono juu, skii ifike kwenye kifundo cha mkono huo. Nyembamba, iliyonyooka, ndefu kuliko mwenyewe. Baadaye zikaja skii za kukata kona, fupi, pana mbele na nyuma, zenye kiuno katikati, ambazo ukizilaza ubavuni zinapinda zenyewe. Ciril alizipenda siku ile ile. Alizipanga mbele, zile ndefu akazipeleka nyuma ya jiko la kuni, na mababu wa bonde zima wakaja kuzitazama kama wanaotazama maiti.

"Podlogar, hizi ni skii au vijiko?" aliuliza mmoja.

"Inategemea. Mjukuu wako anakuja kuteleza au kupigana?"

"Mimi nilijifunza kwa mita mbili!"

"Najua, mzee. Nilikuwepo. Ulijifunza kupita katikati ya uzio wa kanisa."

Mzee huyo aliondoka kwa hasira, akarudi Jumapili na mjukuu. Ciril alimpa mtoto skii za kufika kidevuni, laini, zenye ncha zilizoinuka kidogo ili zisichimbe theluji. Hakuomba radhi kwa habari ya uzio.

Tatu, soko la mitumba la skii la kila Oktoba, pale ukumbi wa zimamoto. Watu wengine huenda kuuza. Ciril huenda kuzuia watu wasinunue. Husimama karibu na mlango, mikono nyuma, na kila mzazi anayetoka na skii za mtoto za bei poa husikia: "Samahani, mama, niziguse tu." Anaishika skii, anaikandamiza gotini mwake, anasikiliza. Ikigoma kupinda anairudisha polepole kama daktari anayerudisha picha ya mapafu. Mwaka juzi bibi mmoja alimnunulia mjukuu wa miaka sita skii za sentimita 140, eti atakua nazo.

"Siku ya ubatizo," Ciril alimuuliza, "ulimvika suti ya harusi?"

Kamati ya soko ilituandikia barua mbili. Barua zote mbili nilizijibu mimi.

Nieleze sasa namna anavyofanya kazi, maana ndicho kitu ninachomdai anikabidhi. Ciril haangalii fomu ya kukodisha. Mzazi huijaza kwa unadhifu: jina, umri, urefu, uzito, kiwango. Ciril huichukua, husema ahsante, huigeuza chini juu na kuweka juu yake kikombe cha chai. Kisha huingiza vidole viwili ndani ya soksi ya mtoto na kuuliza kwa nini kuna soksi nyingine ndani yake. Huitoa. Humtembeza mtoto akiwa na viatu vya skii hadi kwenye ngazi ya mbao na kurudi. Hapo, na hapo tu, humgeukia mzazi kwa adabu ambayo sijawahi kuonyeshwa mimi, na kumwambia: "Naomba upite kaunta ya pili, kuna fomu namba saba ya kutia saini."

Kaunta ya pili ni mimi.

Nilikabidhiwa kaunta hiyo mwaka 2005. Kabla ya hapo nilikausha viatu, na kabla ya hapo nilivisugua. Nilikuja Črni Laz mwaka 1999 kutoka tambarare ya Mura, ambako kitu kirefu zaidi ni mnara wa kanisa na cha pili ni mahindi. Sikuwa na mjomba kwenye lifti wala shangazi jikoni. Nilipofika kaunta ya pili nilidhamiria kuwa hakuna karatasi itakayopotea mikononi mwangu, na haikupotea. Fomu namba saba zipo zote, kwa mwaka na kwa herufi, katika masanduku thelathini na moja yenye karatasi mia nne kila moja, na kumi na nane za ziada nilizozifunga kwa mpira. Jumla 12,418. Mwaka ambao stoo iliingia maji, nilizipandisha dari moja moja. Mwaka 2014 ziliponipungua tatu, nilimwandikia Ciril barua ya onyo. Akajibu kwa maandishi, akaomba radhi kwa unyenyekevu mkubwa, na kesho yake akaniletea zote tatu. Saini zilifanana sana. Sikuuliza.

Nasema haya ili msomaji aelewe nilivyokuwa mwezi Januari mwaka huu.

Mwezi huo mkurugenzi alikuwa ameamua kwamba baada ya Ciril hakutakuwa na Ciril mwingine. Kutakuwa na jedwali. Nililitengeneza mimi, na nililitengeneza vizuri: unaingiza umri, urefu, uzito na kiwango, linakupa urefu wa skii, ugumu wake na namba ya kukazia vifungo vya kushikia viatu. Sekunde ishirini. Tulikubaliana lijaribiwe kwenye juma la theluji la shule ya bondeni, watoto sitini na wawili wa miaka tisa na kumi. Nusu wapimwe na jedwali, nusu na Ciril.

Fomu za wazazi zilifika Ijumaa. Mahali pa kiwango pana visanduku vitatu: anaanza, wastani, mzuri. Niliingiza zote. Wazuri 57. Wastani 5. Wanaoanza, sifuri.

"Kizazi cha dhahabu!" alisema mkurugenzi.

Ciril aliisoma orodha akiwa amesimama, miwani kwenye paji la uso. "Hongera, Zvonka," aliniambia. "Tumepata timu ya taifa. Waambie waje na wimbo."

Nilidhani ni kijicho. Nilikuwa nimeishi hapa miaka ishirini na saba na sikuona kitu ambacho mtu yeyote aliyezaliwa hapa anakijua tangu tumboni: kwamba katika nchi hii mzazi anaweza kukiri kuwa mtoto wake hajui kuhesabu, anaweza kukiri kuwa anakojoa kitandani, lakini hataandika kwenye karatasi, na jina lake chini, kuwa mtoto wake hajui skii. Ni aibu ya ukoo. Jedwali langu lilikuwa sahihi kabisa. Lililishwa uongo 57 na likatoa majibu 57 sahihi ya uongo huo.

Jumatatu, saa nne asubuhi, watoto 19 kati ya wangu 31 walikuwa wamekaa chini kwenye theluji. Wengine walikuwa wanasukumwa. Na mmoja, Neža Brglez, miaka tisa, sentimita 128 na kilo 24, alikuwa ameteremka mteremko wa mazoezi kwa mstari ulionyooka kama rula, hakupinda hata mara moja, akaingia kwenye wavu wa usalama. Hakuumia. Alitoa skii zake mwenyewe, akazibeba begani, akashuka kwa miguu hadi dukani, akaziegemeza ukutani bila kuzitupa. Ndicho kilichonitisha. Mtoto anayetupa kitu atakirudia. Huyu alikuwa amemaliza.

"Sizitaki tena," alisema. "Ahsanteni."

Nyuma yake alikuja baba yake, mmoja wa wazazi waliojitolea kusindikiza darasa, mtu aliyewahi kushindania timu ya mkoa na anayetembea mpaka leo kama amevaa namba kifuani.

"Vifungo vibovu," alisema. "Huyu ana damu ya skii. Tangu ana miaka mitatu!"

Jedwali lilikuwa limempa Neža skii za sentimita 125, ngumu, za mtoto mzuri. Nilifungua mdomo nijitetee. Ciril alikwisha kupiga goti.

"Damu naiona, bwana Brglez. Kaunta ya pili tafadhali. Fomu namba saba."

Duka lilikuwa tupu, wote wako mlimani. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na moja kaunta ya pili haikuwa na kelele. Nilimpa bwana Brglez fomu na kalamu. Yeye, tofauti na wengine 12,417 kama nilivyoamini wakati huo, aliisoma.

"Hii inahusu nini hasa?"

"Ni ya ofisi," nilijibu, kama ninavyojibu siku zote.

"Imeandikwa: 'Nathibitisha kwamba nimesoma yaliyo hapo juu.' Hapo juu hakuna kitu."

Nikaichukua. Nikaitazama. Mimi, niliyezipanga kwa herufi. Hapo juu palikuwa na namba saba, mstari mnene, na weupe.

Na katika ukimya huo nikasikia sauti ya Ciril, chini, upande wa pili wa rafu.

"Neža, ukifika chini kule, unasimamaje?"

"Sisimami, mjomba. Baba anasimama chini, ananidaka."

"Na baba asipokuwepo?"

"Hatujawahi kujaribu."

"Haya. Na kupinda?"

"Baba anasema itakuja yenyewe."

"Unaogopa?"

"Usimwambie."

"Nimwambie nini? Mimi nauza kamba za viatu tu hapa." Nikamsikia anaivuta skii kutoka rafuni. "Simama wima. Zile zilikufika wapi?"

"Kwenye paji la uso."

"Hizi?"

"Hapa. Chini ya shingo."

"Sentimita mia na tano. Ishike, ikunje. Unaona? Inakutii. Ile nyingine ilitaka wewe uitii. Sasa ukitaka kwenda kulia hutaisukuma, utaiegemea tu kama unamnong'oneza mtu. Baba akiuliza kwa nini ni fupi, mwambie ni za mwendo wa kona, wanazitumia wakubwa. Na si uongo."

Bwana Brglez alikuwa amesikia kama nilivyosikia mimi. Alitazama kalamu muda mrefu. Halafu akatia saini kwenye fomu isiyo na kitu, akairudisha kwangu kwa mikono miwili, na aliporudi upande wa pili hakuuliza kwa nini ni fupi. Alisema tu, "Zinapendeza." Alhamisi, Neža alikata kona kumi na mbili kutoka juu hadi chini. Nilizihesabu. Chini hapakuwa na mtu wa kumdaka, kwa sababu baba yake alikuwa amesimama pembeni, mikono mfukoni kwa nguvu, kama aliyeamriwa.

Siku ile ya Jumatatu, duka lilipofungwa, nilimfuata Ciril na karatasi mkononi.

"Bwana Ciril, hii fomu inatoka kwako inaenda wapi?"

"Kwako."

"Na kutoka kwangu?"

"Haitoki. Ndiyo uzuri wake."

"Umenifanya niipange kwa herufi miaka ishirini na moja!"

"Ulikuwa unaipanga vizuri mno, Zvonka. Ungejua ni ya bure, ungeipokea kwa uso wa bure, na mzazi angerudi huku baada ya nusu dakika. Uso wako ule uliwashikilia dakika mbili kamili."

Aliniambia kwamba aliibuni mwaka 1997, na kwamba hakuna mtoto aliyewahi kumdanganya mzazi akiwa hasikii. Dakika mbili zinatosha, alisema. Moja ya mtoto kuangalia kama mzazi ameondoka, moja ya ukweli.

Usiku huo sikulala kwa hasira. Asubuhi nilipitia masanduku yote thelathini na moja. Watu wawili tu kati ya wote waliona kuwa hapo juu hakuna kitu kabla ya bwana Brglez. Mmoja aliandika pembeni, "Nimesoma kwa makini." Mwingine aliandika, "Sikubaliani."

Kwa ajili ya haki nitaje jambo moja zaidi. Mwaka 1999, siku yangu ya kwanza, wafanyakazi wapya tulijaza fomu ya skii za bure za wafanyakazi. Kwenye kiwango niliandika "mzuri". Nilikuwa sijawahi kuiona theluji ikiwa imeinama. Ciril, ambaye hakuwa na mtu wa kumtuma kaunta ya pili kwa niaba yangu, alinitazama ninavyotembea na viatu vile hadi kwenye ngazi ya mbao, akaniletea skii fupi za mtoto wa darasa la tano. "Hizi," alisema kwa sauti, wenzangu wote wakisikia, "tunawapa wanaojua sana." Niliamini kwa misimu mitatu. Katika misimu hiyo mitatu nilijifunza. Ahsante yangu kwa hilo imechelewa miaka ishirini na saba, lakini imeandikwa, na nina nakala.

Basi haya ndiyo ninayoyapokea tarehe mosi Mei. Kiti kimoja kifupi. Ngazi moja ya mbao. Jedwali langu, ambalo nimelifutia safu ya kiwango, na mahali pake nimeandika: "Muulize mwenyewe, mzazi akiwa mbali." Na fomu namba saba, nakala 800 mpya, ambazo mkurugenzi aliidhinisha zichapishwe baada ya kuniuliza ni za nini. Nilimjibu ni za ofisi. Akatia saini.

Bwana Ciril, kwa foleni zote, kwa barua za kamati ya soko, kwa vikombe vya chai juu ya fomu nilizozichapa vizuri, na kwa maelfu ya watoto ambao leo ni watu wazima na bado wanapanda huku kila baridi bila kujua kwa nini hawaogopi, tunakushukuru. Tunakutakia wewe na mkeo Tončka afya, magoti yanayopinda, na bustani isiyo na mteremko. Uishi vyema, kwa dakika kumi na moja kwa kila jambo, kama ulivyozoea.

Barua yako ya kustaafu inasema kwamba umechoka na unaondoka kwa furaha. Umeandika wewe mwenyewe, na jina lako liko chini. Wewe ndiye uliyetufundisha karatasi kama hiyo inawekwa nini juu yake. Kwa hiyo Alhamisi hiyo ya tarehe 30, kwenye sherehe ya kukuaga, soseji zitakapokuwa zimeiva na keki ya potica ya Tončka imekatwa, tafadhali pita kwanza kaunta ya pili. Kuna fomu namba saba inakusubiri. Tunahitaji dakika mbili na mkeo, tumuulize kama kweli umechoka, na akijibu tunavyodhani, kiti kitakuwa wazi kila Jumamosi ya kwanza ya likizo, saa mbili asubuhi.

Saini ni pale chini. Juu hakuna kitu, usihangaike na miwani.

Zvonka Rekar, kaunta ya pili